Vidato vya mnazi havifungi: dhana potofu kuhusu monokotiledoni na dikotiledoni

Shuleni tulifundishwa kwamba mimea ya maua ina makundi mawili. Monokotiledoni, kama mahindi, mbegu yake ina jani-mbegu moja. Dikotiledoni, kama maharage, ina mawili. Shida huanza tukifika shambani na kukisia kwa macho.

Dhana: Mnazi na mwembe hutofautiana majani tu.
Sogelea mnazi mkongwe utazame vidato walivyochonga wakwezi. Miaka imepita, na bado viko wazi, unaingiza vidole. Mwembe, ambao ni dikotiledoni, ukiuchanja, kovu hujifunga polepole, kwa kuwa chini ya gome kuna utando mwembamba wa chembehai, kambiamu, unaotengeneza mbao na gome jipya. Mnazi, ambao ni monokotiledoni, hauna utando huo. Mirija yake ya maji na chakula imetawanyika shina zima kama nyuzi. Kwa hiyo shina halinenepi mwaka hadi mwaka, wala huwezi kubebesha mnazi, yaani kuunganisha chipukizi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, kama wanavyobebesha miembe. Na ukikata kichilema, kile kiini laini cha kileleni kinacholiwa, umeua mti. Inaniuma kuona mnazi mzima ukiangushwa kwa ajili ya kichilema. Mwembe ukikatwa kilele ungechipua tu.

Dhana: Mpapai ni ndugu wa mnazi.
Kwa umbo unadanganya: shina moja, majani yote juu. Lakini ua lake lina petali tano, na mche wake huibuka na majani-mbegu mawili. Ni dikotiledoni.

Dhana: Mgomba ni mti.
Hapana. Kinachoitwa shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Ni monokotiledoni.

Dhana: Mishipa ya jani inatosha kutambua kundi: ikiwa sambamba ni monokotiledoni, ikiwa wavu ni dikotiledoni.
Magimbi na viazi vikuu vina majani mapana yenye mishipa kama wavu, na vyote ni monokotiledoni.

Dhana: Ua lenye sehemu tatu tatu ni la monokotiledoni.
Hesabu ua la mparachichi: sehemu sita, tatu nje na tatu ndani. Mstafeli vilevile una petali tatu tatu. Kisha pasua kokwa la parachichi: vipande viwili vinene vinavyoachana ndiyo majani-mbegu yake mawili. Mwaka 1998 wataalamu walichapisha mpangilio mpya uliotokana na DNA, na ikadhihirika kwamba dikotiledoni si ukoo mmoja. Parachichi, stafeli na pilipili manga vina tawi lao, mbali na maharage na maembe.