Jiwe jeupe la Birere: tunayoyakosea kuhusu matumbawe

Dada yangu mkubwa ana butiki ya vitenge hapa Birere, mtaa wa Goma, na kila akitoka Dar es Salaam huja na kitu kimoja kisicho cha kuuza. Safari iliyopita kilikuwa tawi la tumbawe, jeupe pe, refu kama kiganja. Akaliweka kaunta, kando ya kalkuleta. Kijana wa pikipiki aliyeingia kuchenjisha dola alilinyanyua, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza: "Yaya, hii ni libwe ya volkano balifula na javeli?" Yaani: dada, hili ni jiwe la volkano lililofuliwa kwa dawa ya kung'arisha nguo?

Tulicheka, lakini kwa mtu wa Goma swali hilo lina akili. Mawe yenye vitobo ndiyo tunayoyajua sisi: uzio ni lava, msingi wa nyumba ni lava, njia ya kwenda chooni ni lava. Kuanzia siku hiyo nikaanza kusikiliza wateja. Kila aliyelishika lile tawi alikuwa na maelezo yake, na baadhi yake hata mimi, mwalimu wa jiografia, niliwahi kuyaamini.

"Tumbawe ni jiwe tu"

Ni nusu ya kweli. Kilichopo kaunta ni nyumba, mwenye nyumba alishakufa. Aliyeijenga ni polipu, mnyama laini mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na mikono myembamba, ndugu wa yavuyavu. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mahindi. Polipu huchota kalisi na kaboneti kwenye maji ya bahari, akajijengea kikombe cha chokaa chini yake, akajiinua kidogo, akajenga kingine juu ya kile cha kwanza. Majirani zake maelfu wanafanya vivyo hivyo, na kazi yao ikirundikana kwa karne nyingi ndiyo tunayoiita mwamba wa matumbawe.

Nilitoka nje nikaokota kipande cha lava mlangoni, maana butiki yenyewe iko pale ilipopita lava ya Januari 2002, nikakiweka karibu na tawi. Tulisogeza macho. Vitobo vya lava havina utaratibu: ni mapovu ya gesi iliyokuwa ikitoroka wakati jiwe linapoa. Vya tumbawe vina kuta nyembamba zinazoelekea katikati, kama chungwa lililokatwa kati. Kila kitobo kilikuwa chumba cha mtu wake. "Aah, hii iko na michoro ndani," kijana akasema, na akaniokolea dakika kumi za kufundisha.

Wapo waliosema ni mmea. Si mmea, ila ndani yake unakaa mwani unaoishi kwa jua kama mmea, na hapo ndipo shida zote zinapoanzia.

"Tumbawe zuri ni jeupe"

Hili linatokana na biashara. Matawi yanayouzwa kwa watalii ni mifupa iliyooshwa na kuanikwa juani. Tumbawe lililo hai huwa la kahawia, kijani, manjano, hata zambarau, na sehemu kubwa ya rangi hiyo hutoka kwa mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho, unaopanga ndani ya mwili wa polipu. Mwani unapata makao na chakula kutokana na uchafu wa mwenye nyumba. Mwani huilipa kodi kwa sukari unayoitengeneza kwa mwanga wa jua, na kodi hiyo inaweza kufikia asilimia 90 ya nguvu anazohitaji polipu. Hakuna mpangaji wa Goma anayelipa hivyo.

Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani unaanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wake, naye anautimua. Rangi inaondoka, nyama yake inabaki kama kioo, na chokaa ya chini inaonekana. Hiyo ndiyo kupauka. Kwa hiyo ukiona picha ya mwamba mweupe unaong'aa chini ya maji ya bluu, unaangalia njaa.

"Likishapauka limekufa"

Hapana, na kosa hili linawafanya watu wakate tamaa mapema. Polipu aliyepauka bado yu hai, anaweza kunasa vijidudu kwa mikono yake na kuvumilia kwa wiki kadhaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi na rangi hurudi. Wataalamu wana hesabu yao: wanachukua wastani wa mwezi wenye joto zaidi mahali pale, wanaongeza nyuzi 1 ya Selsiasi, kisha wanahesabu joto limekaa juu ya mstari huo kwa wiki ngapi. Nyuzi 1 juu ya wastani huo kwa wiki 4, tegemea kupauka. Mzigo ukifika mara mbili ya huo, tegemea vifo. Ni kama homa: daktari hukuuliza imepanda kiasi gani, na kisha imekaa siku ngapi.

Mwaka 1998, wakati wa El Niño kali, Bahari ya Hindi ilikaa kwenye homa hiyo kwa muda mrefu. Baadhi ya miamba ya Kenya na Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Mengine yalirudi, mengine hayajarudi, na mahali pengine waliorudi si wale wale: yale ya matawi hufa kwanza, yale manene yenye umbo la kichuguu huvumilia zaidi. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imeingia katika tukio la nne la kupauka kwa bahari zote, la kwanza likiwa lile la 1998. Muda wa kupona kati ya homa na homa unazidi kufupishwa, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko joto lenyewe.

"Yanapenda joto, basi joto likiongezeka yatanawiri"

Kweli yanapenda joto. Maji yakiwa chini ya nyuzi 18 kwa muda mrefu, hayajengi mwamba. Lakini yanaishi karibu kabisa na dari: uvumilivu wao juu ya kiwango walichokizoea ni mdogo mno. Katika Ghuba ya Uajemi yapo yanayohimili maji ya zaidi ya nyuzi 34, ambayo yangeua ndugu zao wa Mombasa, ila hayo yalizoea kwa maelfu ya miaka. Sisi tunayapa miongo michache.

"Bahari imegeuka asidi, matumbawe yanayeyuka kama sukari"

Nakiri nilichangia uvumi huu. Nilidondosha tone la ndimu kwenye ncha ya tawi ili kumwonyesha kijana kwamba ni chokaa, likatoa povu, dada akapiga kelele: "Utaniharibia!" Kwenye lava halikutoa kitu. Watu wakaondoka wakisema bahari imekuwa ndimu. Haijawa. pH ya bahari, kipimo cha asidi ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni alkali, imeshuka kutoka takribani 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi 8.1, bado iko upande wa alkali. Kinachotokea ni kwamba bahari imemeza karibu robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa, na ndani ya maji hewa hiyo inapunguza kaboneti, ambayo ni tofali la fundi. Nyumba haiyeyuki, fundi anakosa tofali na ujenzi unachelewa.

"Hakuna anayeweza kujua joto la bahari la miaka 200 iliyopita"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panaponipendeza.

Kweli, miaka 200 iliyopita hapakuwa na mtu aliyesimama Malindi na kipimajoto kila mwezi. Lakini tumbawe lilikuwepo. Yale manene, hasa jenasi ya Porites, hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, na katika msimu mmoja chokaa hujengwa nzito, msimu mwingine nyepesi. Ukikata kipande chembamba ukakipiga eksirei, unaona mistari myeusi na myeupe ikipishana, jozi moja kwa kila mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mita 3 ni daftari la karne 3 hivi.

Watu walihakikishaje kwamba jozi moja ni mwaka mmoja? Kwa njia ya kusikitisha. Marekani ililipua mabomu ya nyuklia katika kisiwa cha Enewetak, Visiwa vya Marshall, kati ya 1948 na 1958. Mionzi iliingia majini, matumbawe yakaijenga ndani ya chokaa yao bila kujua. Mwaka 1972 watafiti Knutson, Buddemeier na Smith walilinganisha alama za mionzi hiyo, ambazo tarehe zake zilijulikana, na mistari ya eksirei. Hesabu ikakubali.

Joto lenyewe husomwa katika kemia. Polipu anapochota kalisi, huingiza pia strontiamu kidogo kwa makosa, kwa kuwa zinafanana. Maji yakiwa baridi huingiza nyingi zaidi, yakiwa na joto huingiza kidogo. Aina mbili za oksijeni, nzito na nyepesi, nazo hubadilika kufuatana na joto na chumvi ya maji. Ukikwangua unga kidogo kila milimita, unapata bahari ilivyokuwa takribani mwezi kwa mwezi.

Zipo kurasa za zamani zaidi. Mwaka 1963 mtafiti John Wells alihesabu vijistari vyembamba vya kila siku kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe karibu miaka milioni 400 iliyopita, akakuta takribani 400 kwa mwaka. Dunia ilikuwa inazunguka haraka zaidi, siku ilikuwa na kama saa 22. Nilipowaambia wanafunzi, mmoja akauliza kama shule ilikuwa fupi.

Wala mtu asidhani daftari hili halina makosa. Tumbawe likiugua huandika vibaya: mwaka wa kupauka huweza kuacha mstari mzito usio wa kawaida au pengo. Ndiyo maana husomwa mashahidi kadhaa, wakalinganishwa.

"Kulisoma ni kuliua"

Hutobolewa kwa keekee, ukatoka mche wa chokaa wenye upana wa sentimita chache. Shimo huzibwa, na polipu wa pembeni hulifunika polepole. Wanaoliua ni wanaolivunja matawi ya kuweka kaunta. Dada, samahani. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavushwi mpaka bila kibali. Jibu lake: "Kule mupaka hakuna mutu aliniuliza."

"Congo ina bahari, kwa hiyo ina matumbawe yake"

Ina pwani fupi kule Muanda, kama kilomita 37. Lakini hapo ndipo Mto Congo unapomwaga takribani mita za ujazo 40,000 za maji yasiyo na chumvi kila sekunde, pamoja na tope. Mwamba wa matumbawe hauwezi kujengwa humo. Na wanaouliza kuhusu Ziwa Kivu: matumbawe hayo yanahitaji chumvi ya bahari. Ukitaka kiumbe wa kulaumiwa au kusifiwa ziwani, tunao sambaza, samaki wetu wadogo.

"Hayo ni mambo ya watu wa pwani"

Tumbawe moja la Malindi linakataa. Linakaa karibu na mahali Mto Sabaki unapoingia baharini, mto ambao chanzo chake kiko juu huko karibu na Nairobi, mamia ya kilomita kutoka pwani. Udongo wa mfinyanzi hubeba bariamu, aina ya madini, na ukifika kwenye maji ya chumvi huiachia. Polipu huijenga ndani ya chokaa yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulisoma karibu miaka 300 ya tumbawe hilo. Kwa karne 2 bariamu ilikuwa chini. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wa Kiingereza walipofyeka milima na kulima, inapanda ghafla, na haijarudi ilipokuwa. Mnyama ambaye hajawahi kuona jembe aliandika mwaka ambao mlima ulianza kumomonyoka.

Sisi tunaijua picha hiyo. Mvua ikipiga vilima vya Minova au vya Bukavu, maji kando ya midomo ya mito ya Kivu hugeuka mekundu kwa siku nzima. Maji hayo yatashuka Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, hadi Atlantiki, ambako hakuna tumbawe linalosubiri. Udongo mwingi haufiki hata huko: unazama hapa hapa, tabaka juu ya tabaka, na wanaotaka kuusoma hutumbukiza mabomba kwenye matope ya chini ya ziwa.

Lile tawi la dada, kwa taarifa, lina hadithi fupi. La matawi hukua haraka, hilo halizidi miaka michache. Bado liko kaunta, na kipande changu cha lava kimebaki kando yake. Siku hizi anawauliza wateja kwa mchezo, kati ya hivi viwili, kipi kiliwahi kuwa hai. Wengi huonyesha lava. Hiyo waliiona ikitembea.