Kombi inachaguliwa kabla kazi haijaonekana

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanzania hujaza selform, fomu ya kuchagua anakotaka kuendelea, akiwa bado darasani. Anaandika kombi anazozitaka, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, na vyuo anavyovitaka, kisha matokeo yakitoka hupewa muda wa kubadilisha. Muulize kwa nini ameandika PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), atakwambia anataka kuwa daktari. Muulize sasa daktari hufanya nini tangu anapoingia zamu hadi anapotoka, anabaki kimya. Si kosa lake, maana daktari pekee aliyewahi kumwona ni yule aliyemwandikia dawa za malaria.

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi (ndizo kombi) mpya 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65. Lugha, muziki na michezo vimepata nafasi yake. Ni jambo jema, lakini kwa uzoefu wetu katika ushauri wa taaluma, mtoto asiyeijua kazi hata moja kwa karibu hasaidiwi sana na orodha ndefu. Atafuata rafiki zake, au atafuata alichosema baba.

Wazazi nao wanachanganya. Wengi huamini kwamba bila kidato cha sita hakuna kazi ya afya. Kumbe stashahada ya utabibu hupokea mhitimu wa kidato cha nne aliyefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Masharti ya kozi za vyuo vya kati yamo kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na ni bora mzazi ausome pamoja na mtoto kabla ya kulipia ada popote.

Kuna muda mwingi unaopotea bure. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka karibu na mwisho wa Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Familia zenye uwezo hupeleka watoto tuisheni ya "pre-form five", yaani mtoto anaanza kuisoma kombi ambayo hajui itampeleka wapi. Ningekuwa mzazi, wiki mbili za kwanza ningempeleka kazini: duka la dawa, maabara ya zahanati, kwa afisa mifugo wa kata, gereji, au karakana ya chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho jirani.

Ila asiende kushangaa tu. Aende na kazi ya kufanya na daftari la kuandikia. Fundi anayepiga msingi hupima futi 3 upande mmoja na 4 upande wa pili. Kamba ya mshazari ikisoma 5, anajua kona imekaa sawasawa. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, ileile aliyoikariri darasani. Zege la 1:2:4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ni uwiano. Mwalimu wa hisabati akiletewa makadirio halisi ya fundi, ana somo zima la wiki. Mwanafunzi naye aulize yale ambayo siku ya taaluma shuleni huwa hayaulizwi, kwa kuwa mgeni anayealikwa hueleza mafanikio yake tu. Kazi ikikosekana unaishije? Vifaa vya kuanzia vinagharimu kiasi gani? Umeumia mara ngapi? Nani alikufundisha, na cheti ulikipata lini?

Jambo hili si geni kwetu. Elimu ya Kujitegemea, sera ya kuunganisha masomo na kazi, ilitangazwa mwaka 1967, na baadaye shule za sekondari zikawa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Kilichoiharibu, kwa maoni yangu, ni pale jembe lilipogeuzwa adhabu ya wachelewaji. Mtoto aliyelima kwa kuadhibiwa hawezi kukiona kilimo kuwa kazi ya maana. Hatari hiyo bado ipo: mwanafunzi anayefagishwa karakana na kutumwa chai wiki nzima hajajifunza chochote, na mwalimu anapaswa kumtembelea ili alijue hilo mapema.

Tangu 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza, ambapo mwanafunzi husoma fani ya kazi, kama ufundi, pamoja na masomo ya kawaida. Lakini wanafunzi wengi bado wako mkondo wa jumla, na hao hawahitaji kusubiri karakana mpya ijengwe. Mafundi wapo mtaani tayari.

Usalama usifanyiwe mzaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi za hatari. Kwa hiyo barua ya shule iseme wazi kwamba huyu amekuja kujifunza, itaje saa za kuingia na kutoka, mashine asizoruhusiwa kugusa, na namba ya simu ya mzazi. Kwa binti, shule ijue jina la mtu mzima anayemsimamia. Wazazi wengi wanaokataa gereji hukubali wakishakutana na huyo msimamizi ana kwa ana.

Barua hizo zitoke Septemba. Mtihani ukishakwisha, wanafunzi wa bweni hutawanyika mikoani, na shule haiwapati tena kirahisi.