Simu za roboti za Kimandarin: utapeli wa "ubalozi" unavyofanya kazi

Mwenye namba ya simu ya New York, awe Mchina au Mmakonde, huenda amewahi kupokea simu inayoongea Kimandarin, yaani Kichina rasmi. Mara nyingi ni sauti ya mwanamke, imetulia kabisa: hapa ni ubalozi mdogo wa China, kuna waraka muhimu wenye jina lako haujachukuliwa, bonyeza namba fulani uongee na afisa. Asiyejua Kimandarin anakata na kuendelea na shughuli zake. Tapeli hana shida na hilo, maana ndivyo alivyopanga.

Simu ya roboti ni simu inayopigwa na kompyuta. Ukiipokea unasikia maneno yaliyorekodiwa. Si kosa kwa yenyewe. Hospitali hukumbushia miadi kwa njia hiyo, shule hutangaza kufungwa kwa sababu ya theluji. Ila kwa kuwa siku hizi simu hupita kwenye intaneti, kupiga maelfu kwa maelfu kunagharimu hela kidogo mno, na tapeli hana haja ya kujua wewe ni nani. Anapiga namba za eneo lenye Wachina wengi, kisha anaiacha lugha imchekechee. Anayebaki kwenye simu hadi kubonyeza namba ni mtu anayeelewa Kimandarin, pengine mwenye pasipoti ya China au wazazi huko, na mwenye sababu ya kushtuka akisikia neno ubalozi. Watanzania tunaijua hesabu hii kwa "ile pesa tuma kwenye namba hii": meseji moja inatumwa kwa watu chungu nzima, na hakosekani ambaye kweli alikuwa anajiandaa kumtumia mtu hela.

Ukishabonyeza, roboti imemaliza kazi yake na mtu anaingia. "Afisa" anasema kuna kifurushi chenye jina lako kimekamatwa, kina kadi za benki zinazotumika kutakatisha fedha. Ukikana, anajifanya kukuonea huruma: labda kuna mtu ametumia jina lako vibaya, ngoja nikuunganishe na polisi wa Beijing uandikishe maelezo. Huyo "polisi" ana cheo, namba ya kitambulisho na namba ya jalada. Anaweza kutokea kwenye simu ya video akiwa na sare, au kukutumia hati ya kukamatwa yenye picha yako na mhuri mwekundu. Ukiitazama namba iliyopiga, kweli ni ya ubalozi, kwa sababu namba inayoonekana kwenye kioo cha simu inaweza kughushiwa kwa programu tu. Mwisho unaambiwa uhamishe fedha zako zikachunguzwe, au ulipe dhamana, na mara nyingi akaunti iko Hong Kong.

Katikati ya yote hayo kuna amri moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha utapeli wenyewe: usimwambie mtu yeyote, kesi hii ni ya siri. Mke, kaka, mwalimu, karani wa benki, yeyote kati yao angeuvunja uongo huu kwa swali moja. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema wanaoibiwa ni wajinga. Mwanafunzi aliye peke yake ugenini, anayeogopa kupoteza viza na kuwaaibisha wazazi waliomlipia ada, akishafungwa mdomo hana wa kumzindua.

Hasara zake si za kubahatisha. Wimbi kubwa lilipoipiga New York, polisi wa jiji hilo walisema wahamiaji 21 wa Kichina walikuwa wamepoteza jumla ya takriban dola milioni 2.5 tangu Desemba 2017. Baadaye hila ikazidi kuwa chafu: mwanafunzi anaamriwa ajifiche na ajipige picha kama aliyetekwa, kisha picha zinatumwa kwa wazazi China. Desemba 2023, kijana wa miaka 17 alikutwa ndani ya hema kwenye baridi ya milima ya Utah, akiwa mzima, baada ya wazazi wake kutoa kiasi cha dola 80,000.

Sisi Afrika Mashariki pia tumewahi kuwa uwanja wa biashara hii. Mwishoni mwa 2014 nyumba moja ya mtaa wa Runda, Nairobi, iliungua, na polisi wakagundua kituo kizima cha simu. Watu 77 walikamatwa. Aprili 2016 Kenya iliwapeleka China watuhumiwa kadhaa wa utapeli wa simu, wakiwemo wa kesi hiyo, na kwa kuwa 45 kati yao walikuwa wa Taiwan, kisiwa kinachojitawala ambacho China inadai ni chake, serikali ya Taiwan ilipiga kelele kwamba watu wake wametekwa.

Dawa ya simu yenyewe ni fupi: kata. Usibonyeze namba yoyote, hata ile wanayosema ni ya kukuondoa kwenye orodha, kwani kubonyeza kunawaambia kuwa namba yako ina mtu. Ukiwa na wasiwasi, tafuta mwenyewe namba ya ubalozi kwenye tovuti yake upige; usitegemee namba iliyokupigia. Balozi za China zenyewe zimetangaza mara nyingi kwamba haziombi taarifa za benki kwa simu. Na polisi wa kweli hawakupigii simu kudai dhamana.

Orodha ya Marekani ya wasiotaka kupigiwa simu za matangazo haisaidii sana hapa. Anayeiba hasomi orodha. Tangu Juni 2021 kampuni kubwa za simu za huko zinatakiwa kuthibitisha kuwa namba inayoonekana ni ya mpigaji kweli, lakini simu nyingi zinazotoka nje zinapenya bado.

Kama fedha zimeshatoka, benki ndiyo ya kwanza kupigiwa, saa ileile, kabla hata ya polisi, kwa sababu uhamisho wa kimataifa huweza kusimamishwa ukiwa bado njiani. Kisha ndipo polisi, na kwa Marekani taarifa hupelekwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Jamaa wa karibu naye aambiwe mapema: tapeli akirudi kesho kudai nyongeza, na hurudi, awepo mtu pembeni wa kuipokea simu hiyo.