Akaunti inayosoma mainasi haijifii

"Ile akaunti ilikuwa inasoma mainasi, nikaiacha ijifie. Nimefungua nyingine benki ya pili." Sentensi hii husemwa kwa amani kabisa, Newala na Nachingwea, hata Mtwara mjini kwa watu wenye vyeti vyao ukutani. Kila mikorosho inapoanza kutoa maua, na watu wanapoanza kuulizia mkopo wa kuanzia msimu, inarudi tena. Sasa basi, tuelewane. Akaunti haijifii. Ni mkataba, na mkataba hufungwa kwa saini, haufungwi kwa kususiwa.

Shida ya kwanza ni kwamba watu wanatia mainasi tatu tofauti kwenye sufuria moja.

Mainasi ya kwanza ni ya makato. Chukua akaunti yenye makato ya Sh 2,500 kwa mwezi. Mwenyewe amelipwa malipo ya mwisho ya korosho, mwezi Januari anatoa zote, anabakiza Sh 3,000. Mwisho wa Februari imebaki 500. Machi inasoma mainasi 2,000, Aprili mainasi 4,500, na ikifika Oktoba ni mainasi 19,500. Hajakopa, hajagusa kadi. Novemba chama cha msingi kinaingiza malipo ya mnada, mfumo unajilipa 19,500 kwanza, na kelele zinaanza dirishani: nimeibiwa! Hujaibiwa. Umelipa makato ya miezi minane kwa mkupuo. Ukitaka kuepuka, acha Sh 25,000 unapotoa hela za Januari, au omba uhamishiwe akaunti isiyo na makato ya mwezi. Zipo, ila usipouliza hutaambiwa.

Je, mainasi hiyo inafika CRB, yaani kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu? Kwenye vitabu jibu ni jepesi: kinachoripotiwa ni kilichokopwa. Kwenye mifumo mambo hayajanyooka hivyo. Benki moja inasimamisha makato salio likifika sifuri na kuyadai baadaye. Nyingine inaacha salio lishuke, na salio lililoshuka linaweza kusomeka kama ovadrafti (kutumia zaidi ya salio ulilonalo) isiyo na kibali, siku zake zikaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo anayekuapia kwamba elfu kumi na tisa haiendi popote, na anayekuapia kwamba lazima iende, wote wanabahatisha. Uliza benki yako, tena uliza kwa maandishi.

Mainasi ya pili ni ovadrafti yenyewe, ya wafanyabiashara. Hii ni deni halali lenye kikomo, riba na tarehe ya mwisho. Tuseme kikomo ni Sh 2,000,000 na riba 18% kwa mwaka. Ukikaa kwenye kikomo siku zote, riba ni Sh 986 kwa siku, siku 30 ni 29,589. Mwisho wa mwezi riba inaingizwa kwenye akaunti ileile, na deni linasoma 2,029,589. Umevuka kikomo bila kutoa hata senti moja! Kuanzia siku hiyo kalenda inatembea, na ikigonga siku 90 wewe ni mkopo chechefu, yaani usiolipika vizuri. Wengi wanaoapa kwamba hawajawahi kuchelewesha rejesho wamenaswa hapa hapa, maana ovadrafti haina rejesho la kila mwezi la kukukumbusha. Ovadrafti yenye afya hupanda na kushuka: unashusha mzigo dukani, akaunti inazama, unauza, inaibuka, angalau siku chache iwe chanya. Iliyoganda kwenye kikomo miezi sita si ovadrafti tena. Ni mkopo uliovaa kanzu ya ovadrafti, na ofisa mikopo anaitambua kwa kuitupia jicho tu.

Ya tatu ni ya simu. Unatuma hela, salio halitoshi, mtandao unajazia, unalipa na ada. Hapa ndipo ujanja unapochipuka: mtu anawaambia wateja wake watume kwa laini ya mke, maana hela ikigusa yake inakatwa. Kisha laini inatupwa. Jamani, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Kilichotupwa ni kipande cha plastiki. Deni linabaki na jina lako, na deni la Sh 7,000 lililolala mwaka mzima huonekana baya kuliko la laki tano lililochelewa wiki moja, kwa sababu rekodi inapima siku kabla ya kupima ukubwa.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa. Watu wanadhani CRB inawaona wakinunua. Kwamba ukinunua bia Ijumaa, kuna mtu Dar es Salaam anaandika. Hapana. Benki Kuu ilitunga kanuni za taarifa za mikopo mwaka 2012, kanzidata iko kwake, na kampuni za kwanza kupewa leseni ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Wanachopokea ni habari za mikopo: nani kakopa, kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kimechelewa siku ngapi. Bia yako hawaijui.

Anayeijua ni benki unayoomba mkopo, kupitia stetimenti (orodha ya miamala ya akaunti) ya miezi sita uliyoipeleka kwa mkono wako mwenyewe. Hiyo ni milango miwili. CRB inaweza kuwa safi, stetimenti ikakuangusha.

Stetimenti inasomwaje? Mshahara umeingia tarehe 24, tarehe 25 umetolewa wote kwa wakala kwa mikupuo mitatu. Tarehe 9 kuna mkopo wa mshahara (kula mshahara kabla haujaingia), na mwezi uliofuata tena, na mwezi uliofuata tena. Kuna miamala ya kubeti ya Sh 1,000 na 2,000, thelathini kwa mwezi. Hakuna kosa hata moja hapo. Lakini ofisa anaona mshahara usiomfikisha mwenyewe mwisho wa mwezi, na anajiuliza rejesho litakatwa wapi. Kwa mtumishi wa umma ipo kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na mkopo wa mshahara unaorudiwa hauingii kwenye hesabu hiyo vizuri. Nikiri: hapa hakuna kipimo. Ofisa mmoja ataipita, mwingine atakwama kwenye ukurasa wa kwanza. Ni macho ya mtu.

Ndiyo maana ushauri wa mtaani wa "zungusha hela kwenye akaunti" unachosha. Milioni moja ileile ikiwekwa asubuhi na kutolewa jioni siku ishirini, jumla itasoma milioni ishirini, na salio la kila siku litasoma karibu na sifuri. Anayejua kazi yake anaziondoa hizo za kuingia na kutoka, anabaki na milioni moja. Na anabaki na swali kwa nini ulijisumbua.

Kwa mkulima tatizo kubwa hata si matumizi, ni ratiba. Mkopo wenye rejesho la kila mwezi, kwa mtu ambaye hela yake inaingia Oktoba hadi Januari, ni kumtega. Machi analipa kwa akiba, rejesho la Juni anachelewa siku 40, la Agosti 70, Novemba anamaliza yote kwa siku moja. Mlipaji mzuri huyu! CRB inaona siku 70. Haioni korosho. Kabla ya kusaini, omba ratiba ya rejesho la msimu. Wakikataa, chukua kiasi kidogo ambacho hela ya duka au kuku inaweza kukilipa mwezi wa Juni.

Na mainasi uliyoiacha? Nenda tawini na kitambulisho, uliza salio la leo pamoja na riba na ada hadi leo, si la jana. Lipa, kisha saini fomu ya kufunga akaunti siku hiyohiyo, la sivyo makato ya mwisho wa mwezi yataifufua. Omba barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Usitarajie historia kufutika. Itaandikwa kwamba ulichelewa, ukalipa, na alama yako ya ukopaji itapanda taratibu. Kwa pointi ngapi, hakuna ofisa wa kukuambia, fomula ni mali ya kampuni.

Baadaye omba ripoti yako mwenyewe na uanze na ukurasa wa utambulisho. Akina Hamisi Mohamedi Bakari wapo wengi kutoka Kilwa hadi Tandahimba, na akaunti za zamani zilifunguliwa kwa kadi ya mpiga kura, siyo NIDA. Ukikuta mkopo usio wako, anza na benki iliyouripoti, kwa barua, ukiambatisha nakala ya NIDA, maana ndiyo yenye uwezo wa kuurekebisha. Nakala ya pili ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.