Gumba la Elizabeth Cotten

Mwanafunzi wangu mmoja, mashoto, aliniuliza kama ni lazima anunue gitaa la mashoto. Badala ya kumjibu nikamwekea video ya Elizabeth Cotten, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani. Akatazama kimya, kisha: "Mwalimu, mbona kaligeuza juu chini?"

Ndivyo Cotten, naye mashoto, alivyojifunza. Alizaliwa mwaka 1893 karibu na Chapel Hill, North Carolina, na utotoni alikuwa akichezea kinyemela banjo la kaka yake. Nyuzi hakuzipanga upya. Chombo si chake, angethubutuje? Kaka alipohama, binti akaenda kufanya kazi za ndani kwa senti 75 kwa mwezi, mpaka akapata gitaa lake la dola 3.75.

Sasa tazama mkono. Kwa kawaida nyuzi nene huwa juu, upande wa kidevu: gumba linapiga besi, vidole vinapiga sauti ya wimbo. Ukiligeuza gitaa bila kuhamisha nyuzi, nyembamba ndizo zinakuja juu. Kwa Cotten, kidole cha shahada ndicho kilichoshika besi, ikienda na kurudi kama magurudumu ya treni, na gumba ndilo lililoimba. Gumba ni zito, kwa hiyo hata noti zake za juu zimeshiba. Mimi nilianzia kwenye "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, gumba na shahada, nikadhani gumba nimelimaliza. Kwa Cotten noti nazipata. Ule uzito, bado.

Wimbo "Freight Train" Cotten aliutunga akiwa msichana wa miaka 11 au 12 hivi. Akaja kuolewa, kanisani wakamwambia aache nyimbo za dunia, gitaa likakaa miongo. Halafu siku moja, akiuza dukani Washington, akamwokota mtoto aliyepotea, Peggy Seeger, akamrudisha kwa mamake, mtunzi Ruth Crawford Seeger. Akaajiriwa kwao mpishi. Nyumba ilijaa ala. Siku moja akakutwa anapiga.

Peggy alikwenda na wimbo ule Uingereza, na mwaka 1957 wanamuziki Chas McDevitt na Nancy Whiskey wakavuma nao. Watunzi wakaandikwa watu wengine kabisa. Hapa huwa nakereka: watu wakisikia "wimbo wa asili" hudhani hauna mwenyewe, kumbe mwenyewe yuko jikoni anasonga unga. Familia ya Seeger ikapigania jambo hilo mpaka hakimiliki ikamrudia.

Mike Seeger, kaka yake Peggy, ndiye aliyemrekodi Cotten, na mwaka 1958 kampuni ya rekodi ya Folkways ikatoa albamu yake ya kwanza. Alikuwa na miaka 65 hivi. Tuzo ya Grammy aliipata mwaka 1985, kashavuka 90, na miaka miwili baadaye akafariki.

Mwanafunzi wangu hakununua gitaa. Jumamosi alikuja na la dada yake, nyuzi vilevile, kaligeuza, akaanza besi kwa shahada peke yake. Gumba nimemwambia aliache kwanza.