Sherifu wa kaunti nchini Uingereza ni nani?

Sherifu wa Uingereza si yule wa Marekani anayepigiwa kura na kutembea na bastola. Huyu huteuliwa kwa jina la mfalme, hukaa mwaka mmoja, halipwi mshahara, na kazi zake siku hizi ni za heshima: kuwapokea majaji, kuhudhuria sherehe, kuunga mkono wanaojitolea. Lakini cheo chenyewe kina zaidi ya miaka 1,000, na zamani aliyekishika aliogopwa.

Tangu kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuvamia Uingereza mwaka 1066, sherifu alikuwa mkono wa mfalme katika kaunti. Alikusanya mapato, akaendesha mahakama, akakamata wahalifu. Mzizi wa dhuluma ulikuwa kwenye mapato: kaunti ilipangiwa kiasi maalumu kwa mwaka, na sherifu akishakifikisha hazina, kilichozidi kilikuwa chake. Hapo ndipo raia walipokamuliwa.

Hazina nayo haikumwamini kwa maneno. Hesabu zake zilikaguliwa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba, vihesabio vikisogezwa mbele ya macho yake. Akilipa, kijiti kilitiwa chale za kiasi alicholeta, kisha kikapasuliwa kwa urefu: kipande kimoja chake, kingine cha hazina. Siku ya hesabu vipande vilipaswa kuoana.

Malalamiko yalipozidi, mwaka 1170 Mfalme Henry II aliagiza uchunguzi na kuwaondoa masherifu wengi. Magna Carta ya 1215, hati ya kuweka mipaka ya madaraka ya mfalme, ikawakataza kusikiliza kesi za Taji, yaani za makosa makubwa yaliyohukumiwa kwa jina la mfalme, na kuchukua farasi au mikokoteni ya mtu huru bila ridhaa yake. Ilimtaja hata kwa jina Philip Mark, sherifu wa Nottinghamshire na Derbyshire, kwamba aondolewe. Hakuondoka, alibaki kazini miaka kadhaa. Si wote walikuwa wa namna hiyo: Nicola de la Haye, mwanamke aliyepewa usherifu wa Lincolnshire mwaka 1216, aliilinda ngome ya Lincoln mwaka uliofuata ilipozingirwa na waasi na Wafaransa.

Baadaye madaraka yalimegwa kidogo kidogo. Mahakimu wa amani walichukua kesi ndogondogo, na enzi za Watudor, ukoo wa kifalme wa miaka ya 1485 hadi 1603, uongozi wa wanamgambo ukaenda kwa wawakilishi wengine wa mfalme. Kukamata mali za walioshindwa kesi katika Mahakama Kuu ndiko kulikodumu zaidi, hadi mwaka 2004 kazi hiyo ilipokabidhiwa maafisa maalumu.