Mtoto Kushika Chakula Mwenyewe: Maswali ya Akina Mama wa Kisumu

Haya ni maswali ambayo akina mama na nyanya huuliza siku ya kliniki, iwe ni Manyatta, Nyalenda au ng'ambo ya Ahero. Mengi yana woga mmoja ndani yake: kwamba mtoto akipewa kipande badala ya uji, atapaliwa. Woga huo una sababu, lakini ndio pia unaowaacha watoto wengi kwenye uji mwepesi hadi wanakaribia mwaka.

Wangu ametimiza miezi sita. Naweza kumpa ndizi ashike mwenyewe?

Miezi 6 ni wakati wa kumwanzishia chakula, huku ukiendelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula kilichopondwa, kizito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko hakimwagiki. Cha kushika kwa mkono kinafuata, na kufikia miezi 8 watoto wengi wanakiweza.

Pamoja na miezi, mwangalie yeye mwenyewe. Je, anakaa wima na shingo imekaza? Anapeleka vitu mdomoni? Ameacha kusukuma chakula nje kwa ulimi? Hapo mpe kipande laini ukiwa umeketi mbele yake. Kama alizaliwa kabla ya siku zake, muulize muuguzi kwanza.

Lakini hana hata jino moja!

Anazo fizi, na fizi za mtoto zina nguvu kuliko tunavyodhani. Mama yeyote anayenyonyesha analijua hilo. Bonyeza kipande kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka bila kutumia nguvu, fizi zake zitakimudu. Kisipopondeka, kirudishe jikoni.

Usingoje meno. Mtoto anayelishwa vilivyosagwa tu mpaka akapita miezi 10 yuko kwenye hatari zaidi ya kuwa msumbufu wa kula baadaye, kwa sababu hakujifunza kutafuna wakati wa kujifunza.

Nimnunulie nini sokoni?

Huhitaji cha kopo. Zunguka Kibuye na utapata karibu kila kitu: boga, avokado, papai, embe lililoiva vizuri, nduma, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa ambavyo vina vitamini A nyingi. Chemsha mpaka vilainike, kisha kata vipande virefu kama kidole chako. Mtoto wa miezi 7 au 8 hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo kipande kinatakiwa kijitokeze juu ya ngumi yake. Karibu na miezi 9 ataanza kuokota kwa vidole viwili. Hapo unaweza kukata vidogo vidogo.

Viazi na matunda peke yake havitoshi. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua anapofikisha miezi 6, na ndiyo yanayojenga damu. Kila siku jitahidi apate maini, nyama iliyosagwa, yai lililoiva kabisa, maharagwe yaliyopondwa, au samaki.

Na samaki tunao. Mbuta huachana kwa minofu mikubwa na miiba yake huonekana kwa urahisi. Ngege ni mtamu lakini ana miiba midogo, basi mchambue penye mwanga, ukiupapasa kila mnofu kwa vidole kabla haujafika kwenye sahani ya mtoto. Omena ninawapendekezea kwa moyo wote, kwani bei yake si kubwa na wana madini ya chuma na kalisi. Wachague, toa vichwa na mchanga, waoshe kwa maji moto mara kadhaa, wakaushe juu ya moto kisha uwasage. Kijiko cha unga huo ukichanganywa kwenye viazi vilivyopondwa, unaweza kufinyanga vitonge ambavyo mtoto atavishika bila kuhangaika. Usimpe omena mzima mkavu; kichwa na mifupa vitamchoma kooni.

Ugali je?

Mpe, ukiwa laini, katonge kadogo kalikoloweshwa kwenye mchuzi wa samaki au wa mboga. Usiwe ndio mlo wote, maana humshibisha haraka na mboga ikabaki. Mboga za majani kama osuga (mnavu), mtoo na kunde zikatwe ndogo sana, kwa sababu nyuzi ndefu za majani hung'ang'ania kooni. Na akishika kwa mkono wa kushoto, mwacheni. Umri huu si wa kugombezwa mkono.

Ni vitu gani nisimpe kabisa?

Njugu nzima, bisi, punje za mahindi ya kuchoma au ya kwenye nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), miwa, karoti mbichi, peremende, zabibu nzima, na vipande vya nyama ngumu. Njugu nzima zingoje miaka 5. Siagi ya njugu ni tofauti: ikichanganywa na uji ikawa nyepesi ni chakula kizuri, na hakuna sababu ya kuichelewesha wala kuchelewesha mayai, isipokuwa mtoto ana ukurutu mkali au kuna jambo ambalo daktari amekuambia. Njugu au mahindi yenye ukungu yatupwe. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, hata tone. Chai, hata ya maziwa, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwa hiyo ile desturi ya kumchovyea mkate kwenye chai asubuhi tuiache. Chumvi na sukari usiongeze.

Akipaliwa nifanye nini?

Kwanza tofautisha. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti, anayetoa ulimi kama anataka kutapika huku uso umekuwa mwekundu, anajisaidia mwenyewe. Mwache akohoe, usimtie kidole mdomoni.

Anayepaliwa kweli huwa kimya. Halii, hakohoi, midomo inabadilika rangi. Kama hajafika mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukishikilia taya. Mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, weka vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, ubonyeze mara 5. Rudia hivyo hivyo huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Chakula ukikiona mdomoni kitoe. Usipokiona usikitafute, utakisukuma ndani zaidi. Akilegea na kuacha kupumua, anayejua huduma ya kwanza aanze kumpulizia na kumbonyeza kifua papo hapo.

Kwa sababu hiyo mtoto asile akiwa amelala, akitambaa, akiwa mgongoni mwa dada yake, wala akiwa peke yake.

Nyanya yake humtafunia nyama kisha anampa. Ni vibaya?

Nyanya anafanya kwa upendo, naye alilelewa hivyo. Lakini mate hubeba vijidudu, na fizi zikiwa na kidonda hata Virusi vya Ukimwi vinaweza kupita. Mwombe kwa heshima awe yeye wa kuponda nyama kwenye kinu au kuikata nyembamba kabisa. Wengi hukubali wakipewa kazi hiyo.

Anamwaga zaidi ya anachokula.

Ndivyo wanavyojifunza. Tandika kitambaa, mnawishe mikono kwa sabuni, nawe unawe, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Mpe sahani yake peke yake. Akila kwenye sinia moja na kaka zake hutajua kala kiasi gani. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, kuanzia miezi 9 mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati kama anataka. Akigeuza uso, basi. Usimshike pua.

Amekataa kula siku mbili, na ana joto.

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi na umpeleke dispensari leo, kwani huku kwetu mtoto mwenye joto la mwili apimwe malaria bila kungoja. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Na ukienda kwa chanjo za miezi 6, 7 na 9, chukua kijitabu cha mama na mtoto, umwombe muuguzi akuonyeshe mstari wa uzito wake umeelekea wapi.